Klabu za masomo: koperative iingie namna gani?



Ulizo ambayo wanamemba wanatuuliza sana ni hii: masomo inaomba koperative kipande cha shamba juu ya klabu ya wanafunzi wa darasa la 7 na la 8. Tuitoe ao tusiitoe? Wamoja wanasema ndiyo mara moja. Wengine, na hao si watu wabaya, wanajibu: «Sisi tulituma batoto kusoma, hatukubatuma kulimia bengine mashamba.» Pande zote mbili zina sababu, na hii makala inajaribu kuonyesha ni katika hali gani mmoja ana haki na katika hali gani mwengine ana haki.

Kwanza tuelewane juu ya watoto gani tunasema. Tangu sheria ya elimu No 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, elimu ya msingi katika Kongo ni miaka minane: sita ya primeri, kisha darasa la 7 na la 8, ile wazee bado wanaita C.O. Mwisho wa darasa la 8 mwanafunzi anafanya TENASOSP, mtihani wa taifa unaosaidia kumchagulia njia: pedagojia, sayansi, ufundi, kilimo, na nyingine. Ni watoto wa karibu miaka 12 mpaka 15. Huku kwetu wengine wana hata 17, juu vita iliwakalisha nyumbani mwaka moja, miaka miwili, wakati jamaa zao walikuwa mbioni kuelekea Kateku, Miriki ao Kanyabayonga.

Umri huo ndio mgumu kuliko yote. Primeri ya serkali ni bure tangu Septemba 2019, lakini mtoto akifika darasa la 7 mzazi anaanza tena kutafuta minerval. Hapo ndipo wengi wanakatika. Na kijana anayeacha masomo na miaka 13 hapa Walikale hana njia nyingi mbele yake. Iko shamba ya baba, kama baba bado ana shamba. Iko kubeba mizigo. Iko karieri ya madini, na hakuna mtu wa Walikale asiyejua jina Bisie. Iko pori na silaha. Kwa binti, mara nyingi ni bwana mapema na mimba. Klabu haiwezi kulipa minerval ya watoto wote, tusidanganyane. Lakini inampa mtoto sababu ingine ya kubaki: wenzake wanamngojea siku ya posho, jina lake liko kwenye daftari, kuna kitu alikipanda na anataka kuona kinakomaa. Walimu wanajua kama mtoto mwenye kungojewa na wenzake hatoki haraka kama yule ambaye hakuna mtu anaona kama hayuko.

Klabu si salongo

Maneno haya mawili yanachanganywa, na mchanganyo huo ndio unaleta ugomvi wote. Salongo ni kazi ya wote, inaamriwa, asiyekuja anapewa azabu. Kazi ya mikono ya masomo, ile ya kufyeka kiwanja na kufagia darasa, iko kwenye programu, nayo mwanafunzi hachagui. Klabu ni kitu kingine. Mtoto anaingia kwa mapenzi yake, anatoka kwa mapenzi yake, na wala pointi wala azabu haziingii. Siku mwalimu anasema «asiyekuja klabu nitamkata pointi», ile haiko tena klabu. Ni shamba yake mwalimu yenye jina la klabu.

Tunasema hivi bila kutukana walimu. Mwalimu wa huku anaweza kukaa miezi bila mshahara kufika vizuri, na wazazi wengi wamezoea kumsaidia kwa njia ya mikono ya watoto. Ni mapatano ya zamani, na tunaelewa ilitoka wapi. Lakini kama wazazi wanataka kusaidia mwalimu, waende wenyewe na majembe siku moja, komite ya wazazi ipange. Wasimtume mtoto wa miaka 13 alipe kwa mgongo wake, kisha waite ile «kujitolea».

Jambo hili halikuanzia kwetu. Kenya ilianza klabu za 4-K mwaka 1962, na jina lenyewe ni Kiswahili: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto wa masomo walikuwa wanapanda, wanafuga sungura na kuku, wanashindana kwenye maonyesho ya kilimo. Miaka ilipita, klabu hizo zikalala, na mwaka 2021 serkali ya Kenya ikaziamsha upya. Tanzania, Mwalimu Nyerere alitoa mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea: kila shule iwe na shamba, mwanafunzi asitenganishwe na kazi ya wazazi wake. Wazo lilikuwa zuri, na sisi bado tunalipenda. Lakini katika shule nyingi shamba iligeuka kuwa njia ya kutafutia shule chakula na pesa tu. Mtoto alilima bila kufundishwa kitu kipya, mavuno yakaenda asipojua, na akatoka pale anaona jembe kama azabu. Karibu zaidi na sisi, upande wa Kahuzi-Biega katika Kivu ya Kusini, Pole Pole Foundation ambayo John Kahekwa alianzisha mwaka 1992 ilishika njia ya pepinieri za miti pamoja na kufundisha watoto wa masomo juu ya pori na nyama wake. Pale mtoto anaunganisha mti anaoupanda na sababu ya kuupanda.

Tofauti kati ya klabu inayodumu na ile inayokufa inaonekana kwenye ulizo moja: nani anakula mavuno? Jibu lake liandikwe kabla ya mbegu kuingia udongoni. Watu wakishaona magunia, hakuna tena mapatano, ni kelele tu. Sisi tunapendelea mgawanyo ambao sehemu kubwa inabaki kwa watoto wenyewe, ao kwa chakula cha kupeleka nyumbani, ao kwa sanduku linalolipa vitu vyao: madaftari, pesa ya kushiriki TENASOSP, sabuni na vitambaa vya wasichana. Sehemu ingine inarudi kuwa mbegu. Masomo inaweza kupata kidogo. Koperative haipati kitu katika mavuno, na hapa tunakaza: koperative iliyotoa ardhi ikianza kudai gunia, inakuwa mwenye shamba, na watoto wanakuwa wafanyakazi wake wasiolipwa. Faida ya koperative iko pahali pengine, tunakuja kuiona.

Kazi zinazofaa mikono ya umri huu

Kazi ya kwanza tunayoishauri ni shamba ya miti ya mihogo. Wote mnajua hasara ya mozaiki: majani yanakunjamana, yanakuwa na mabaka ya manjano, na chini hakuna kitu. Ugonjwa unabebwa na nzi mweupe mdogo, lakini zaidi unabebwa na sisi wenyewe, juu tunakata miti kwenye shamba yenye kuugua na kuipanda ingine. Dawa ya kunyunyiza haiko. Kuna njia mbili tu, aina zenye kuvumilia na miti safi ya kupanda, na miti safi ndiyo inakosekana kila msimu.

Chukueni kipande cha metre 20 kwa 25. Mkipanda kwa nafasi ya metre moja kila upande, mnapata mashina karibu 500. Kila kipande cha kupanda kiwe na sentimetre 20 mpaka 30 na macho matano mpaka saba, kimekatwa kwenye mti uliokomaa, si ile ncha laini ya juu. Kuanzia majani ya kwanza, watoto wanapita kila juma mstari kwa mstari. Shina lenye mabaka linang'olewa lote, halingojewi «labda litapona». Kazi hii ya macho watoto wanaifanya vizuri kutupita. Mtu mzima anaona shina moja la ugonjwa na kuhurumia jasho lake; mtoto aliyefundishwa analing'oa. Kisha miezi kumi ao kumi na miwili, kama kila shina lililobaki linatoa vipande sita vizuri, na tuseme mashina 450 yamebaki, ni vipande 2.700. Hektari moja inaomba 10.000. Kwa hiyo kipande kidogo cha klabu kinaweza kupandisha zaidi ya robo ya hektari kwa miti safi, na mwaka unaofuata ile robo inazaa mara nyingi zaidi. Hii ndiyo faida ya koperative: inanunua miti hiyo kwa klabu kwa bei iliyoandikwa, ina mbegu safi karibu, na watoto wana pesa yao. Na mihogo yenyewe ya chini inabaki kwa watoto.

Msisahau kuwaachia watoto hesabu yote ile. Ile ndiyo somo. Mwanafunzi wa darasa la 8 aliyehesabu mashina mazima na ya ugonjwa kwenye shamba ya kweli, akatafuta ni mangapi kwa mia, hatasahau tena asilimia siku ya mtihani.

Kazi ya pili ni ndizi, na hapa inaomba angalisho. Ugonjwa wa kunyauka kwa ndizi, ule wengi wanaita kirabiranya, ulionekana mara ya kwanza katika Kongo mwaka 2001, katika Masisi. Majani yananyauka na kuwa manjano, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani zimeoza, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Unaingia kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni wadudu wanaotembelea ua dume, ule moyo mwekundu unaoninginia chini ya mkungu. Ya pili ni panga yetu, tunapotoka shina la ugonjwa na kwenda kukata shina zima. Kuondoa ule moyo mara tu kichane cha mwisho kimetokea kunafunga mlango wa wadudu, na kunafanywa na mti wenye panda, unausokota mpaka unavunjika. Panga haitumiki, juu panga yenyewe inaweza kuleta ugonjwa. Kazi ya mti wenye panda ni salama, watoto wanaiweza, wawili wawili, na klabu moja inaweza kupita bananerai za jirani zote za masomo kwa siku za posho chache. Wenye shamba wanaomba, watoto wanajitolea, na shina lenye kushukiwa linafungwa kitambaa ao jani kwa alama.

Hapo kazi ya mtoto inakwisha. Kukata shina la ugonjwa hapo chini kabisa, na kupitisha panga kwenye moto mbele ya kugusa shina lingine, ni kazi ya mwenye shamba. Msiweke panga mikononi mwa klabu. Siku hizi hatushauri tena kung'oa kisiki chote kama zamani, kazi ile iliwachosha watu mpaka wakaacha yote. Inatosha kukata shina moja lile lenye alama mara moja linapoonekana, na kurudi kuangalia, na kurudi tena.

Ya tatu ni bustani ya mboga karibu na masomo. Hapa tunasema kwa ufupi, juu mnaijua kutupita. Anzeni na lengalenga. Kabichi inaomba karibu miezi mitatu na inaitisha wadudu, kitunguu kinaomba zaidi, na mtoto anachoka kungoja. Lengalenga kisha majuma matatu ao manne inakatwa. Klabu mpya inahitaji kuona kitu haraka. Acheni mistari miwili ikomae kwa mbegu.

Wanafunzi nao wanaweza kuwapa ninyi kitu

Watu wakisikia «kujitolea» wanafikiri jembe. Lakini kitu ambacho mwanafunzi wa darasa la 7 anacho, na ambacho wanamemba wengi wa koperative hawana, ni kusoma na kuandika. Hii bulletini yenyewe inafika mikononi mwa watu ambao wataiomba mtoto awasomee. Tungependa ile ifanyike kwa mpango: siku moja kwa majuma mawili, saa moja, wanafunzi wawili wa klabu ya kusoma wanakuja kwenye mkutano wa koperative na kusoma kwa sauti ukurasa mmoja ao miwili, watu wanauliza, agronomu ao mwanamemba mwenye ujuzi anajibu. Mtoto anazoea kusimama mbele za watu. Mama ambaye hakusoma anasikia bei na tarehe bila kupitia mdomo wa mtu anayetaka kumnunulia maharagi yake kwa bei ya chini.

Vilevile wanaweza kusoma namba za mzani siku ya kupima mazao, na kuandika kwenye kipande cha karatasi kile mwenye mazao anarudi nacho nyumbani. Tumeona mahali mengi ugomvi wa mzani ukipungua wakati kuna mtu wa tatu anasoma namba kwa sauti kubwa. Lakini daftari ya sanduku ya koperative, hapana. Mtoto asichukue mzigo wa pesa za watu wazima, siku pesa ikikosekana atashtakiwa yeye.

Klabu zingine hazigusi kilimo hata kidogo na zinastahili pia mchango wenu. Krua Ruji ya masomo inafundisha watoto msaada wa kwanza na usafi. Tunakumbuka Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020; mwaka 2019 ilifika hata eneo la afya la Pinga. Wakati ule nyumba nyingi zilijifunza kunawa mikono kupitia mtoto. Skauti na Xaveri, hii ya mwisho iliyozaliwa Bukavu katika miaka ya 1950, ni vikundi vya vijana ambavyo wazee wengi wa parokia walipitia. Iko teatre, iko kwaya, iko mpira. Mpira msiudharau. Timu ya wasichana inaomba kiwanja, saa moja ya jua, na mama mmoja wa kuwaangalia, na hakuna kitu kingine chenye bei ndogo kama hicho kinachofanya binti wa miaka 14 atamani kurudi masomo kesho.

Juu ya wasichana tuseme wazi. Mkutano wa klabu ukiwekwa saa tisa ya mchana, vijana wanakuja na wasichana hawaji, kisha watu wanasema «wasichana hawapendi klabu». Saa tisa binti yuko kwenye maji, kwenye kuni, kwenye sombe. Njia ni mbili: klabu ikutane mara moja kisha darasa, mbele ya kurudi nyumbani, ao wazazi wakubali kama siku ya klabu kaka yake anakwenda maji. Njia ya pili ni nzuri zaidi lakini inaomba majadiliano nyumbani, na masomo haiwezi kuyafanya. Ninyi wanakoperative, mlio baba na mama wa watoto hao, mnaweza.

Usalama

Hii sehemu tungependa kila komite iisome mara mbili.

Shamba ya klabu iwe mahali ambapo mtu akisimama mlangoni mwa masomo anaiona, ao karibu sana. Shamba nzuri yenye udongo mweusi, lakini iliyo mwendo wa saa moja kwenye njia ya pori, haifai klabu. Watoto wanakwenda pamoja na kurudi pamoja, mbele ya saa kumi na moja ya jioni, na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke. Siku yenye habari mbaya klabu haikutani, na hakuna mtu anauliza mtoto kwa nini hakuja.

Hakuna mavazi ya rangi ya kijani ya kiaskari, hakuna kupiga mguu mistari kama askari, hata kama ni mchezo ao sikukuu. Katika nchi yenye amani ni mapambo. Huku, mtu aliye mbali kwenye mlima anaweza kuelewa vingine. Na mtu yeyote, awe wa serkali, wa kikundi ao wa misaada, asiulize watoto wa klabu wameona nani njiani ao kwenye mashamba. Mtoto mmoja akijulikana kama mleta habari, klabu nzima iko hatarini. Sheria No 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza mtoto katika jeshi, polisi ao kikundi chochote cha silaha, na inakataza kazi zile mbaya zinazoharibu afya na maisha yake. Kubeba mizigo ya watu wenye silaha ni mojawapo, hata ikiitwa msaada. Kama inatokea, mwambieni prefe na watu wa ulinzi wa watoto wanaofanya kazi eneo hilo; msibishane peke yenu na mwenye silaha.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi kulisema mkutanoni. Katika grupema ya Ikobo tumeishi miaka ambapo kabila moja halikupita kijiji cha lingine, na hapa Buleusa penyewe watu walilala kambini. Ardhi ilikuwa katikati ya ugomvi. Basi koperative inapotoa kipande, itoe kipande kisicho na maneno. Kama kuna jamaa iliyokimbia na inasema «pale palikuwa petu», msiwaweke watoto juu yake, hata kama chifu anasema hakuna shida. Watoto watakuwa ngao ya mtu mwingine. Na klabu ikiwa na watoto wa jamaa moja tu, wakati darasa lina watoto wa jamaa zote, jiulizeni mwaliko ulipita wapi. Mara nyingi ulipita kwenye lugha moja ao kanisa moja, bila mtu kuwa na nia mbaya. Mwaliko utolewe darasani, kwa Kiswahili, mbele ya wote.

Karatasi na saa

Mkikubali kutoa kipande, karatasi ya ukurasa mmoja inatosha, lakini iwe kwa kuandika: ukubwa wa kipande, mipaka yake, miaka mingapi, nani anatia sahihi kwa koperative, kwa masomo na kwa komite ya wazazi, na ule mgawanyo wa mavuno tuliosema. Miaka mitatu ni kipimo kizuri, juu mihogo peke yake inakula mwaka mzima, na mwaka wa kwanza ni wa kujifunza. Nakala moja kwa mkubwa wa kijiji. Andikeni pia kama kipande kinarudi kwa koperative, si kwa mtu, siku klabu ikisimama. Tumeona vipande vya masomo vikibaki kwa prefe aliyekwisha kuhama.

Saa za kazi ni mbili kwa juma, si zaidi ya mara mbili za saa moja ao siku ya posho moja. Mwezi wa mtihani wa mwisho, klabu inafunga. Mapalilio yakifika wakati huo, wazazi wanapalilia. Kalenda ya masomo na ya msimu hazielewani vizuri: masomo inafungua mwezi wa tisa, wakati mvua za msimu A zimeanza na kila nyumba inaita mikono yake. Kwa hiyo msianze na shamba mwezi wa tisa. Anzeni kwa kuandikisha watoto, kuchagua komite yao wenyewe (prezida, sekretere, mtunza sanduku, na angalau wawili wawe wasichana), kufanya pepinieri ndogo ya lengalenga na kutafuta miti ya mihogo safi. Shamba yenyewe ifunguliwe na msimu B, mwezi wa pili ao wa tatu.

Chombo cha kazi koperative inaweza kuazima: majembe mepesi, ndoo za kunywesha, kamba ya kupimia mistari. Jembe la mtu mzima lenye mpini mrefu linamvunja mtoto mgongo, katieni mipini. Na mtu wa kufuata klabu asiwe mmoja. Wanamemba wawili ao watatu wazunguke, wapewe siku zao, na mmoja akisafiri mwingine anashika. Klabu nyingi zilikufa siku mwalimu mmoja mwenye bidii alipohamishwa.

Koperative ambazo komite zao zimekwisha kuzungumza na prefe na wazazi, na ambazo zina kipande kisicho na ugomvi, zilete karatasi yao kwa animateri mbele ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Agronomu atapita kuangalia udongo na umbali, na kuwaonyesha wapi mtapata miti ya mihogo iliyoangaliwa. Wale ambao bado wanabishana juu ya mavuno, wamalize kwanza ile.